Fundi anasema kompyuta zangu tatu ni za kutupa

Swali: Kaka, habari za kazi. Nina steshenari Mbagala, mwaka wa sita huu. Natumia kompyuta tatu, zote nilinunua zikiwa zimeshatumika. Ya kwanza ni laptopu, HP EliteBook 840 G3. Hii ni yangu mwenyewe, jioni narudi nayo nyumbani, na ndiyo ninayofungulia tovuti za serikali na kutengenezea kadi za harusi. Ya pili ni ya mezani, Dell OptiPlex 7010 yenye Windows 10 na ramu ya GB 4. Ukiiwasha unaweza kwenda kununua chai ukarudi. Ya tatu ni kongwe, Core 2 Duo yenye Windows 7, ya kuprintia na kuskani. Siku hizi inakataa tovuti karibu zote, na umeme ukikatika saa yake inarudi mwaka 2009. Sasa laptopu imeniletea tangazo kwamba Windows 10 haina tena msaada. Fundi wangu kasema zote tatu zimekwisha, ninunue mpya, na hizi atanisaidia kuzibeba. Hela hiyo sina. Nifanyeje? Na kama ile kongwe imekufa kweli, nimpe mwanangu wa darasa la tano achezee gemu?

Jibu: Nzuri, dada yangu, na pole kwa mshtuko. Fundi anayekwambia mali yako ni takataka, halafu papo hapo anajitolea kuibeba, msikilize kwa sikio moja. EliteBook inayowaka haitupwi Kariakoo, inauzwa, na kabla ya saa kumi itakuwa imeshapata mwenyewe mwingine.

Hata hivyo hajakudanganya yote. Amechukua magonjwa matatu tofauti akayapa jina moja. Lipo la uzito, lipo la msaada kuisha, na lipo la betri. Niondoe kwanza hilo la betri kwa sababu ni jepesi na unaweza kulimaliza leo.

Kwenye bodi ya kila kompyuta ya mezani kuna kibetri cha duara kama sarafu, kimeandikwa CR2032. Kazi yake ni kuifanya saa itembee wakati umeme haupo. Kikichoka, kila TANESCO wanapokata, kompyuta inaamka ikiwa imesahau mwaka. Hapo ndipo tovuti zinapokataa. Kila tovuti salama hubeba cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta inayoamini leo ni 2009 ikiona cheti kilichotolewa mwaka jana inasema hiki bado hakijaanza, kuna udanganyifu hapa. Inakufungia mlango kwa nia njema kabisa. Nunua betri kwa wauza saa, iweke, rekebisha tarehe. Nimeshaona ofisi ikinunua kompyuta mpya kwa sababu ya betri hii, na hiyo ya zamani niliibeba mimi, basi usidhani mafundi wote ni watakatifu.

Baada ya betri, baadhi ya tovuti zitafunguka na nyingine bado zitagoma. Hizo zinagoma kwa sababu nyingine: Windows 7 iliishiwa msaada tarehe 14 Januari 2020, na Chrome ikaiacha mwanzoni mwa 2023, toleo la 109 likiwa la mwisho. Kwa hiyo kwenye ile kongwe, Windows 7 ndiyo iliyokwisha. Chuma chenyewe bado kina kazi, nitakupa chini.

Sasa tangazo la laptopu. Windows 10 ilitoka Julai 2015 na msaada wake wa kawaida ukafika mwisho 14 Oktoba 2025. Kompyuta haikuzimika siku hiyo na haitazimika. Kilichosimama ni viraka. Programu yoyote ina matundu ambayo hata aliyeishona hajui yako wapi. Yakigunduliwa, Microsoft hushona kiraka na kukituma, kwa kawaida kila Jumanne ya pili ya mwezi. Watu wengi hudhani hatari inakuja polepole, kama shati linalochakaa. Ukweli una kasi zaidi ya hapo. Windows 10 na Windows 11 zimekatwa kwenye jora moja, hivyo tundu la moja mara nyingi liko pia kwa mwenzake. Kila mwezi Windows 11 inapopata kiraka, wezi hukichukua, hulinganisha programu ilivyokuwa kabla na ilivyo baada, na kutoka hapo wanajua tundu lilikuwa wapi. Halafu wanaenda kulitafuta kwenye mashine ambazo hazikupata kiraka. Yaani dawa ya jirani inageuka ramani ya kwako.

Mfano ambao wengi tunaukumbuka ni WannaCry, Mei 2017. Kirusi kile kilifunga mafaili ya watu na kudai fedha, kikavuruga hadi hospitali za Uingereza. Kiraka cha tundu lililotumika kilikuwa kimetolewa Machi mwaka huohuo, miezi miwili kabla. Walioumia wengi walikuwa na Windows 7, ambayo wakati ule ilikuwa bado inapata viraka. Msaada walikuwa nao, kiraka hawakukivaa.

Na hili ndilo linanipa wasiwasi zaidi juu ya kompyuta zako kuliko hilo tangazo. Hapa Dar, fundi akimaliza kupiga Windows, jambo la mwisho analofanya ni kuzima apdeti, "zisikulie bando". Anakuwa amekusaidia kweli, maana apdeti za Windows zinakula bando kama moto wa kifuu. Lakini matokeo yake ni kwamba mashine nyingi za mtaani ziliacha kupata viraka siku zilipotoka kwa fundi. Jaribu sasa hivi: kwenye laptopu, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika winver, gonga Enter. Kitatokea kidirisha kinachotaja toleo. Kikisema 22H2, uko kwenye toleo la mwisho la Windows 10. Kikisema 1909 au 2004, basi mashine yako imekuwa yatima kwa miaka, na Oktoba 2025 haikuibadilishia chochote.

Ukiangalia pale kwenye antivairasi ya Windows, Defender, utaona alama ya kijani na moyo utatulia. Usitulie sana. Microsoft imeahidi kuendelea kuipa Defender orodha mpya za virusi hadi Oktoba 2028, na kivinjari chake cha Edge nacho kitaendelea kupata apdeti kwenye Windows 10 hadi mwaka huo. Ni jambo zuri. Ila huyo ni mlinzi aliyepewa picha za wezi wanaojulikana. Ukuta wenyewe ukiwa na tundu, tundu liko palepale.

Basi kompyuta gani ifanye nini? Watu huzipanga kompyuta kwa umri: mpya ya bosi, kongwe ya vijana. Kwa biashara yako ningezipanga kwa kinachoingia ndani yake. Steshenari ina wageni wa aina mbili. Kuna siri za watu: nywila ya mtu ya maombi ya mkopo wa chuo, akaunti yake ya Ajira Portal, namba yake ya NIDA, kontroo namba anayotaka kulipia. Na kuna flashi, ambazo zimetoka kila mahali na kulala na kila mtu. Leo, nina uhakika bila kuiona, vitu hivi viwili vinapita kwenye mashine moja. Flashi ya mwanafunzi inachomekwa kwenye laptopu ileile ambayo dakika tano zilizopita uliandika nywila ya mteja. Hapo hata Windows 11 mpya kabisa haikuokoi.

Kirusi cha shotikati unakijua kuliko mimi: mafolda ya mteja yanapotea, yanabaki mashotikati, na mteja anasema ni kompyuta yako iliyomharibia. Kile tunakizoea hadi tunakiona kama mafua. Lakini mwaka 2010 ilijulikana kwamba Windows ilikuwa na tundu katika namna inavyochora picha ndogo ya shotikati. Kulitosha kufungua flashi na kutazama tu, bila kubofya kitu. Ndilo moja ya matundu ambayo kirusi kiitwacho Stuxnet kilitumia kuingia kwenye mitambo ya nyuklia ya Iran, kikisafirishwa kwa flashi. Kiraka kilitoka Agosti 2010. Tundu la namna hiyo likigunduliwa tena, mashine isiyopata viraka itaambukizwa na mteja wa kwanza atakayesema "dada nitolee hii kurasa mbili tu".

Laptopu, basi, iwe ya siri, na flashi ya mteja isiiguse. Uibakishe kwenye Windows 10, kwa sababu kadi zako na tovuti zako umezizoea hapo, lakini uiandikishe kwenye mpango wa viraka vya ziada wa Microsoft. Kwa watu binafsi unaendelea hadi 13 Oktoba 2026. Kuna njia tatu za kuingia: kulipa dola 30 mara moja, kutumia pointi 1,000 za zawadi za Microsoft kama unazo, au bure kabisa ukikubali mipangilio ya kompyuta yako ihifadhiwe kwenye akaunti yako ya Microsoft. Chukua ya bure. Mipangilio tu inatosha. Swichi za nyaraka na picha zizime, la sivyo zitajaza zile GB 5 za bure za OneDrive halafu uanze kuombwa hela ya nafasi. Masharti ni uwe kwenye 22H2 na uingie kwa akaunti ya Microsoft ukiwa msimamizi wa mashine. Kiungo cha kujiandikisha hukaa kwenye ukurasa wa Windows Update, ndani ya mipangilio. Ningekuwa nazungumza na ofisi yenye mashine hamsini ningesema mengine, maana kampuni zina mpango wao wa dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, na bei inazidishwa mara mbili kila mwaka hadi miaka mitatu. Lakini laptopu ni mali yako binafsi na inalala kwako, kwa hiyo njia ya watu binafsi ndiyo yako.

Kama winver imekuonyesha toleo la zamani, itabidi upandishe kwanza, na hilo ni GB kadhaa. Usilifanye kwa bando la mchana. Tafuta mahali penye Wi-Fi inayotoka kwenye intaneti ya waya, mwombe mwenyewe usiku mmoja, uache laptopu kwenye chaji. Halafu uliza kama Windows yako ni halali au ni ya krak, yaani iliyofunguliwa bila leseni. Programu za kukraki humwomba mwenye kompyuta azime antivairasi kwanza, na hapo unakuwa umemfungulia mlango mtu usiyemjua. Cha kuchekesha ni kwamba laptopu za kiofisi kama yako mara nyingi zilikuja na leseni ya Windows Pro iliyochomwa ndani ya bodi. Ukipiga Windows 10 Pro safi kutoka Microsoft, inajisajili yenyewe ikishapata intaneti. Watu wanakraki kitu ambacho tayari ni chao.

Fundi anaweza kukwambia atakupigia Windows 11 kwenye hizi hizi. Kwa njia ya mkato inawezekana kwa laptopu na kwa Dell. Microsoft inataka prosesa za Intel za kizazi cha nane kwenda juu, na 840 G3 ni ya kizazi cha sita. Njia ya mkato inaruka ukaguzi huo. Tatizo ni kwamba Microsoft haiahidi apdeti kwa mashine iliyoingia kwa dirishani, na toleo jipya la kila mwaka halitajileta lenyewe, itabidi umwite fundi tena. Kwa laptopu ya gemu ya kijana wa chuo, sawa. Kwa laptopu inayoshika nywila za watu, siipendi, angalau hadi Oktoba 2026 ipite. Ile kongwe ndiyo isahau kabisa: tangu toleo la 24H2, Windows 11 inadai maagizo ya prosesa ambayo Core 2 Duo haikuzaliwa nayo, na hakuna ujanja wa fundi unaoyaongeza.

Dell sasa. Hii naipenda. OptiPlex 7010 yako ni ile ya 2012, kizazi cha tatu, usiichanganye na nyingine ya 2023 ambayo Dell waliipa jina lilelile kana kwamba majina yamekwisha. Uzito wake hauna uhusiano wowote na msaada kuisha. Tatizo ni hadidiski, ile diski ya kuzunguka inayohifadhi mafaili, na ramu ndogo. Itoe hiyo hadidiski, weka SSD, diski isiyozunguka, ya kawaida ya SATA, GB 240 zinatosha, na ongeza ramu ya DDR3 ifike GB 8. Bei sitaji, maana Kariakoo bei ya asubuhi si ya jioni, ila hata ukipunjwa hutafika karibu na bei ya kompyuta mpya. Chai utaacha kwenda kununua. Ukiifungua, mwambie fundi apulize vumbi na abadilishe ile pasta ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa. Kwa joto letu, pasta ya mwaka 2012 imeshakuwa chaki.

Na kwenye SSD hiyo mpya ningepiga Linux Mint, mfumo unaokaa mahali pa Windows, toleo la 22 lenye muonekano mwepesi wa Xfce. Najua neno Linux linatisha, linasikika kama kitu cha vijana wenye hudi. Lakini ina kitufe cha menyu kushoto chini, ina mafolda, ina Firefox, ina LibreOffice ya kuandikia, ni bure bila krak, na mfululizo huo wa 22 unapata viraka hadi 2029. Virusi vya shotikati na ndugu zake vimeandikwa kwa Windows. Humu vinaonekana kama mafaili yaliyolala, na yale mafolda ya mteja yaliyofichwa unamrudishia. Kuna jambo moja zaidi lililoninunua mimi: kwenye mipangilio ya dirisha la kuingilia unaweza kuruhusu akaunti ya mgeni. Mteja anakaa, anafungua barua pepe yake, anaprinti, anatoka, na kila alichoacha kinafutika. Kwa anayesahau kutoka kwenye akaunti yake, na wote husahau, hiyo ni stara.

Ila nikuambie nilivyoaibika, usije ukarudia. Kuna steshenari moja karibu na chuo nilimshauri mwenyewe abadilishe kompyuta zote Jumamosi na Jumapili. Nikafanya kazi safi, nikaondoka najisifu. Jumatatu ilikuwa siku ya mwisho ya wanafunzi kuwasilisha tafiti zao. Printa yake ndogo ya leza haikuwa na draiva, ile programu ya kuiongoza printa, ya kueleweka kwa Linux, ikawa inatoa karatasi nyeupe, foleni imefika barabarani, na simu yangu inaita bila kupumua. Nilirudisha Windows huku watu wananitazama kama mwizi wa kuku. Tangu siku ile sipigi Linux kabla ya kujaribu printa. Na kujaribu ni rahisi: Mint inawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Iwashe hivyo, chomeka printa, toa ukurasa mmoja, skani ukurasa mmoja, ndipo uamue.

Kwa uzoefu wangu, printa za HP zinakubali vizuri kwa sababu HP yenyewe hutoa draiva ya Linux. LaserJet P1102, ambayo imejaa steshenari za mji huu, inahitaji kiambatisho cha ziada kinachopakuliwa mara moja, basi. Epson za matangi nazo hukubali. Baadhi ya Canon ndogo za leza ndizo zenye kiburi. Skana ni kinyume cha watu wanavyotarajia: skana za zamani kama familia ya CanoScan LiDE, ambazo Windows mpya huzisusa, Linux mara nyingi huzitambua ukizichomeka tu.

Word je? Mteja akileta CV ya Word, LibreOffice itaifungua, ila wakati mwingine mistari itasogea na ukurasa mmoja utakuwa mmoja na robo. Mara nyingi kosa ni la fonti. LibreOffice huweka Carlito mahali pa Calibri na Liberation Serif mahali pa Times New Roman. Vipimo vyake ni vilevile, kwa hiyo hizo mbili hazisumbui sana. Majedwali na fremu ndivyo vinavyohama. Wazoeze wateja kuleta PDF, au watume WhatsApp kwenye simu ya duka na wewe ufungue WhatsApp Web kwenye Dell. Flashi zitapungua zenyewe.

Kadi za harusi ni habari nyingine, na hapa sina tamu ya kukupa. Kama wengi, nadhani unazitengeneza kwa Publisher. Publisher haipo Linux, na LibreOffice hufungua faili zake kwa kubahatisha, maua huku, majina ya wazazi kule. Lakini hata ukibaki Windows milele, Microsoft wametangaza kwamba Publisher yenyewe inaachwa Oktoba 2026. Kwa hiyo kazi hiyo ibaki kwenye laptopu kwa sasa, na anza leo kuhifadhi kila kadi iliyokamilika kama PDF pembeni ya faili lake. Mifano yako mitano inayouza zaidi ijenge upya taratibu kwenye programu nyingine, Canva au Inkscape, msimu wa harusi ukiwa umepoa. Usingoje hadi mwezi wa kumi, kamati ya harusi imekaa benchi inasubiri kadi za michango.

Ile kongwe tuipe kazi chafu kuliko zote, kwa kuwa ndiyo haina cha kupoteza: mapokezi ya flashi. Ikishapata betri yake, futa Windows 7, weka Linux nyepesi kama Lubuntu, ing'oe waya wa intaneti ukishamaliza kuweka draiva, ichomekee printa ya nyeusi na nyeupe pamoja na skana. Ikiwa na ramu ya GB 2 haitafaa kufungulia tovuti, lakini PDF itafungua na itaprinti mchana kutwa. Kumbuka tu kwamba Linux haiugui virusi vya Windows ila inaweza kuvibeba, kama mbu. Faili kutoka kwenye flashi ya mteja lisihamie kwenye laptopu.

Kuhusu hizo skani: kila jioni futa vitambulisho vya watu vilivyobaki kwenye kompyuta. Nakala za NIDA na vyeti vya kuzaliwa vya watu mia tatu kwenye Desktop ni hazina kwa mwizi, na tangu 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi. Steshenari haikusamehewa humo.

Kabla fundi yeyote hajagusa mashine yoyote kati ya hizi, hamisha mafaili yako kwenye diski ya nje, kisha yahesabu kwa macho yako. Desktop ni sehemu ya C, kipande cha diski chenye Windows. Akisema "nafuta C tu, D siigusi", maana yake anafuta kila kitu ulichokiweka Desktop, na najua kadi zako ziko Desktop.

Oktoba 2026 ikikaribia na laptopu ikawa imeshazaa hela yake, nunua iliyotumika, lakini usikubali kuuziwa jina "Core i5" peke yake. Soma namba baada ya kistari. i5-6300U ni kizazi cha sita, i5-8250U ni cha nane, i5-10210U ni cha kumi. Muuzaji akikwambia "vizazi vyote ni sawa dada", rudisha hela yako kwenye pochi. EliteBook 840 G5, kwa mfano, ni ya kizazi cha nane katika matoleo yake mengi, na chaji na kibodi utaviona ni vya ukoo ule ule uliouzoea. Hii G3 wakati huo inahamia Linux na kuendelea na kazi.

Na mwanao: kongwe usimpe, tumeshaipangia kazi, na kwa Core 2 Duo gemu anazozitaka yeye zitamliza. Siku Dell itakapomaliza muda wake dukani ndiyo impatie, Mint ikiwa humohumo na GCompris imewekwa, ni mkusanyiko wa bure wa michezo ya watoto, una hesabu, kuchapa na sataranji. Atalalamika wiki ya kwanza.